Kichwa cha Marekani, remoki ya Ulaya: vile chombo cha kwenda mwezini kinajengwa

Mpwa wangu wa Katuba, yule anasoma mekanika, alinikuta jioni nakula bukari yangu na sombe, hata salamu hajamaliza akanirushia swali: "Mjomba, Bamarekani si balishaka kufika ku mwezi 1969? Sasa juu ya nini banaomba Baulaya babasaidie?" Alikuwa ameona kwenye simu picha ya Orion, kapsuli mpya ya NASA, shirika la anga la Marekani, na nyuma yake kipande kingine chenye mabawa manne, kimeandikwa ESA, yani shirika la anga la Ulaya.

Nikamwambia swali ni zuri ila limekaa upande. Hakuna aliyeomba msaada pale. Kuna deni, kuna siasa, kuna woga wa kuachwa, alafu ndo unafika ufundi wenyewe, na vyote vinne vimefungwa na buloni (bolti) zile zile. Nikaanza kumweleza, bukari ikapoa, mwisho nikaona bora niandike maana najua si yeye peke yake anajiuliza.

Mi kazi yangu ni ya kupitisha mizigo Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, deklaran, kwa hiyo mambo mengi ya dunia naelewa kupitia kamio, yani malori. Mnisamehe. Chukua kamio yenye remoki. Kichwa ndo kina shofere, kina usukani, kina kitanda chake na redio yake. Nyuma ni remoki, ina magurudumu, ina breki zake, ina taa. Kichwa kinaweza kuwa cha mtu wa Dar es Salaam, usukani kulia, na remoki ikawa ya tajiri wa hapa Lubumbashi, wala hawajawahi kuonana. Kinachowaunganisha ni vitu vitatu tu: ule msumari mnene wa remoki unaoingia kwenye selete, sahani ya kufungia ya kichwa, mipira ya hewa ya breki, na waya wa umeme na plagi yake. Vikiingia, safari inaanza. Kisipoingia kimoja mtalala parking.

Orion iko vile vile, tofauti ni kwamba kule remoki ndo inasukuma kichwa. Kapsuli wanakaa watu wanne, mpaka siku 21, na inajengwa na Lockheed Martin kwa ajili ya NASA. Ile ya nyuma, moduli ya huduma, inaunganishwa na Airbus mjini Bremen, Ujerumani, kwa niaba ya ESA. Na usifikiri ni boksi la mizigo. Ndani mna mafuta tani 8 na nusu hivi, maji ya kunywa kama kilo 240, hewa ya oksijeni, mapampu na mabomba ya kupoza chombo kisiungue upande wa jua na kisigande upande wa giza, na injini 33. Moja kubwa, nane za kati, na 24 ndogo za kugeuza-geuza chombo. Yale mabawa ni ya jua, ukiyafungua yanafika mita 19 kutoka ncha mpaka ncha, seli kama 15,000, yanatoa kilowati 11 hivi. Bila kipande hiki kapsuli ni chumba kizuri kisichoenda popote, na waliomo ndani hewa itawaishia.

Mpwa wangu akasema hapo ndo sijaelewa, mtu mwenye akili anampaje mwenzake kutengeneza motere na hewa, yeye abaki na kabini peke yake?

Ndo tukafika kwenye deni.

Kituo cha anga cha kimataifa, kile kinazunguka dunia, kina gharama za pamoja, na kila mshirika ana fungu lake. Fungu la Ulaya kwa zile gharama za upande wa Marekani na wenzake ni asilimia 8.3. Sasa Wazungu wa Ulaya hawakutaka kutuma feza Washington, juu kila nchi inataka feza zake zilishe viwanda vyake. Wakakubaliana walipe kwa kazi. Kwanza walilipa na meli za mizigo zinaitwa ATV, zisizo na mtu, zilipeleka chakula, mafuta na maji kule kituoni. Zilienda tano, ya kwanza 2008, ya tano ikaruka 2014 na kumaliza kazi Februari 2015. Ile ya tano waliipa jina Georges Lemaître, padri Mbelgiji aliyefundisha Louvain, yule alisema ulimwengu ulianza na kitu kidogo kikapasuka kikatanuka. Chuo cha Louvain ndo kile kile kilichozaa chuo kikuu cha Lovanium cha Kinshasa 1954, kwa hiyo wazee wetu waliosoma huko ni kama wajukuu zake kwa upande wa daftari.

ATV zimeisha, deni halijaisha, kituo bado kinazunguka. Ndo Januari 2013 NASA na ESA wakatangaza: sawa, tulipeni sasa na moduli ya huduma ya Orion. Ulaya wana ufundi tayari, maana ATV ilikuwa na injini zake, mabawa yake, matenki yake. Novemba 2014 ESA wakasaini na Airbus kontra ya yuro milioni 390 hivi. Hiyo feza haikutumwa Washington, ilienda Bremen, na Torino ya Italia ambako Thales Alenia wanatengeneza mifupa ya chombo, na Uholanzi wanakotengeneza mabawa, na kwingine. Marekani akapata remoki ya safari bila kulipa, Ulaya akalipa deni kwa kuajiri watu wake mwenyewe. Baba mkwe akikudai mahari na wewe ni fundi seremala, unamtengenezea milango, si ndo vile? Unalipa, na mkono wako unazidi kupata ujuzi.

Sasa kuna kitu kimoja kinanichekesha kila nikikifikiria. Ile injini kubwa ya moduli ya Ulaya ni ya Marekani, na ni ya okazio, yani ilishatumika. Kweli kabisa. Ilitoka kwenye zile space shuttle za zamani, ndege za anga za Marekani, NASA waliitoa kwenye stoo wakaisafisha wakaipeleka Ulaya ifungwe. Ya safari ya kwanza ilikuwa imesharuka na shuttle mara 19, kuanzia 1984. Sisi tukifunga piesi ya okazio kwenye kamio mnatucheka, kumbe hata mwezini kunaendwa hivo hivo, shida ni kujua imetembea kilomita ngapi na nani aliifungua mara ya mwisho. Wao wana karatasi ya kila buloni. Sisi tuna neno la muuzaji.

Kwa hiyo angalia safari ya piesi: injini inatoka Marekani inaenda Bremen, inafungwa kwenye mifupa ya Italia na mabawa ya Uholanzi, alafu kitu kizima kinapakiwa kwenye ndege Antonov, ile kubwa ya Ukraine, kinarudi Florida Novemba 2018. Na hapo bado miaka minne mpaka kiruke.

Kazi ngumu ya ushirikiano wa namna hii watu wanadhani ni injini. Injini kila mtu anajua kutengeneza yake. Kazi ngumu ni pale vipande viwili vinakutana.

Nitawapa kisa changu. Kuna kichwa kimoja kilituharibikia parking Kasumbalesa, remoki imejaa, karatasi zote zimeshapita. Tukatafuta kichwa kingine. Msumari ukaingia kwenye selete vizuri, mipira ya hewa ikaingia, mwekundu kwa mwekundu, wa manjano kwa wa manjano, tukapiga makofi. Kufika kwenye plagi ya umeme: kichwa kina matundu kumi na tano, remoki ina plagi ya pini saba. Muuza piesi anayeuza kile cha kubadilisha alikuwa amefunga. Boyi shofere, msaidizi wa dereva, akasema hakuna shida, akakata waya akasokota rangi kwa rangi vile aliona. Tukaondoka usiku. Kila shofere akikanyaga breki, kionyeshi cha kushoto ndo kinawaka, na akionyesha kushoto, remoki nzima inazima taa. Kamio ya nyuma ikatupita karibu itukwangue, ikidhani tunakata kona. Asubuhi mwenye kichwa anasema waya zimeharibiwa na remoki, mwenye remoki anasema zimeharibiwa na kichwa, na mimi katikati ndo napigiwa simu na wote wawili. Kosa lilikuwa la nani? Kichwa kizima, remoki nzima. Kosa lilikaa pale katikati ambapo hakuna mwenye nyumba.

Watu wa anga walishaungua na mambo hayo. Mwaka 1999 NASA walikuwa na chombo kinaenda Mars, Mars Climate Orbiter. Upande wa kampuni programu ilikuwa inatoa hesabu ya nguvu ya injini kwa pauni, upande wa NASA wanaisoma kama nyutoni. Kipimo kimoja ni mara 4.45 ya kingine. Hakuna aliyeona kwa miezi yote ya safari, na tarehe 23 Septemba chombo kikafika Mars karibu mno na hewa ya kule, kikapotea. Na hao walikuwa wa nchi moja, lugha moja, bendera moja! Sasa weka Mmarekani, Mjerumani, Mwitaliano na Mholanzi.

Kwa hiyo kabla ya kukata chuma chochote wanaandika makaratasi ya kiungo: hapa zitapita volti 120, hapa maji kwa mgandamizo huu, hapa buloni ngapi na zikazwe kwa nguvu gani, hapa kompyuta yako ikiuliza hivi yangu itajibu hivi. Kila upande unasaini. Kuanzia hapo ndani ya nyumba yako fanya utakavyo, ila mlangoni usibadilishe hata milimita bila kuita mwenzako. Na kati ya kapsuli na moduli ya Ulaya kuna pete, adapta, ambayo Marekani ndo anaijenga, waya na mabomba yote ya pande mbili yanapitia humo.

Na ni pete hiyo hiyo iliwasumbua. Novemba 2020 chombo kimeshafungwa Florida, kiko karibu kumalizika, wakagundua kuna kiboksi cha umeme na data ndani ya adapta kimepoteza njia yake moja ya mawasiliano. Kiboksi chenyewe si kikubwa. Lakini kimekaa pale katikati, na kukifikia ingebidi kufungua vitu vilivyokuwa vimeshafungwa na kupimwa, miezi ya kazi, tena ukifungua unaweza kuharibu kizima ukitafuta kibovu. Wakakaa wakahesabu, Desemba wakaamua kiruke hivo hivo juu njia ya pili ya akiba inafanya kazi. Nilisoma nikakumbuka boyi shofere wangu, ila wao walipima kwanza.

Kikaruka. Tarehe 16 Novemba 2022, Artemis I, safari ya kwanza ya mpango wa NASA wa kurudi mwezini, bila mtu ndani, siku 25 na nusu, kikazunguka mwezi kikarudi baharini 11 Desemba. Moduli ya Ulaya ilifanya vizuri kuliko walivyotegemea, mabawa yakatoa umeme zaidi ya hesabu na mafuta yakabaki. Hakukukosa vituko: mara 24 swichi za umeme zilijifungua zenyewe bila kuamriwa, na wanasema mnururisho wa anga ndo uliozichokoza. Kasoro kubwa zaidi ilitokea upande wa kapsuli, ngao ya joto. Kapsuli inaingia kwenye hewa ya dunia na mwendo wa kama kilomita 40,000 kwa saa, joto nje linafika kama digrii 2,800, na ile ngao inatakiwa iungue polepole kama mkaa. Safari hiyo vipande vilibanduka, zaidi ya sehemu mia. Gesi ilikwama ndani ya ngao ikakosa pa kutokea ikapasua. Kwa chombo cha safari iliyofuata, Artemis II, ngao ilikuwa imeshafungwa, kwa hiyo wakaamua kubadilisha njia ya kuingilia hewani badala ya kubomoa.

Mpwa wangu ananikatiza: "Na ile Urusi? Si njo banajua mambo ya kapsuli?"

Ee, na hapo kuna historia tamu. Mwaka 1975, katikati ya vita baridi, Apollo ya Marekani na Soyuz ya Wasovieti zilikutana angani tarehe 17 Julai wakashikana mikono. Watu wanakumbuka mikono, mi nakumbuka hewa. Kwenye Apollo walikuwa wanavuta oksijeni tupu kwa mgandamizo wa kama theluthi ya huu wetu, kwenye Soyuz wanavuta hewa ya kawaida kama hapa chini. Ukifungua mlango hivi hivi mtu anaumia, damu inatoa mapovu kama Simba iliyotikiswa. Ikabidi Marekani ajenge kichumba cha katikati cha kubadilishia hewa, na Wasovieti washushe mgandamizo wao kidogo ili kusubiri kusiwe kurefu. Alafu ikaja shida ya viungo vyenyewe: vya zamani vilikuwa dume na jike, kimoja kinaingia kingine kinapokea, na hakuna dola kubwa iliyotaka kuwa ya kupokea mbele ya dunia nzima. Mrusi Vladimir Syromyatnikov na wenzake wakatengeneza kiungo ambacho pande zote ni sawa, yeyote anaweza kusukuma yeyote anaweza kupokea. Siasa ikazaa ufundi mzuri kweli, maana kiungo kile kina faida nyingine: ukikwama angani yeyote anaweza kuja kukuokoa. Kizazi chake kilitumika shuttle ilipoenda Mir, kituo cha anga cha Warusi, na 2010 washirika wa kituo cha kimataifa wakatoa kipimo kimoja cha wote, mtu yeyote akajenge kiungo chake kwa kipimo hicho. Plagi moja! Natamani wenye kamio wangewasikia.

Na lugha pia. Walikubaliana Mmarekani aongee Kirusi na Mrusi aongee Kiingereza, juu ukiongea lugha ya mwenzio unaenda polepole, mwenzio anaelewa. Aleksei Leonov, kamanda wa Soyuz, alimtania Thomas Stafford, kamanda wa Apollo, kwamba Kirusi chake ni cha Oklahoma. Sisi wa Lubumbashi tunaoongea na shofere wa Tanzania tunajua, yeye anacheka "njo vile" yetu, sisi tunacheka "naomba nisaidie" yake, na mzigo unapita.

Baadaye Ulaya na Urusi walijaribu kufunga ndoa yao bila Marekani. Toka 2006 ESA na Roscosmos, shirika la anga la Urusi, walichora pamoja chombo cha watu cha kufika mpaka mwezini, kapsuli ya Urusi, na nyuma moduli ya Ulaya yenye asili ya ATV. Umeona? Ni mchoro ule ule wa leo, kichwa tu kimebadilika. Walichora miaka miwili hivi, 2008 ikawashinda, kila mmoja akashika njia yake. Ukigawana chombo unagawana pia viwanda, kazi, siri, na nani atajulikana kuwa ndo mwenyewe. Ulaya akabaki na remoki yake nzuri isiyo na kichwa, mpaka miaka michache baadaye Marekani akapita akisema mi nina kichwa.

Na siri ni jambo zito, msilipite. Marekani wana sheria zinazohesabu piesi nyingi za anga kama silaha, huwezi kumwonyesha mgeni michoro bila ruhusa hata kama mnajenga chombo kimoja. Kwa China ni zaidi, toka 2011 bunge la Marekani limekataza NASA kushirikiana na China moja kwa moja. Ndo maana China wana chombo chao, Mengzhou kwa watu na Lanyue ya kutua, wanalenga kufika kabla ya 2030, na wao pia wanabeba marafiki: Chang'e 6 ya 2024 ilipanda na vyombo vya Ufaransa, Italia, Sweden, hata Pakistan. Kwa hiyo Mfaransa yuko kwenye kamio zote mbili. Si mjinga.

Hapa mpwa wangu akauliza lile nilijua litakuja: na sisi je?

Nikamwambia sisi tulishakuwa na roketi, huku huku Shaba, jina la zamani la Katanga, kabla hujazaliwa na baba yako bado anavaa kaptula. Akafikiri natania. Miaka ya 1970 kampuni ya Ujerumani Magharibi, OTRAG, ya mtu anaitwa Lutz Kayser, ilipewa na Mobutu eneo la kilomita za mraba kama 100,000 kaskazini mwa Shaba. Mkuu wa bodi yao alikuwa Kurt Debus, yule yule aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa Kennedy Space Center, kituo cha NASA cha kurushia vyombo, watu wa Apollo 11, wale wa kwanza kutua mwezini, waliondokea mikononi mwake. Wazo lao lilikuwa la rahisi: funga mabomba mengi ya aina moja pamoja kama kuni, na valvu za mafuta zizungushwe na motere za waipa za magari. Waipa! Ya kwanza iliruka 17 Mei 1977, ikaenda. Ya pili Mei 1978. Ya tatu, Juni 1978, Mobutu mwenyewe yuko pale anaangalia, ikaenda vibaya. Alafu Wasovieti wakapiga kelele, majirani wakaogopa kwamba ni makombora, wakubwa wa Ulaya wenyewe hawakufurahi, na 1979 Zaire ikawafukuza. Wakahamia Libya.

Mi naona kuna kitu pale cha kulinganisha na Bremen. Zaire ilitoa ardhi. Hakuna bomba lililotengenezwa Likasi, hakuna valvu ya Kolwezi, wakati mafundi wa chuma tulikuwa nao, Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilikuwa na karakana za kutosha. Siku presha ilipokuja hapakuwa na buloni ya kufungua, walikunja turubai wakaondoka, na sisi tukabaki na pori letu. Ulaya wao walichagua kuwa kipande ambacho chombo hakisogei bila wao. Angalia ilivyowasaidia: Mei 2025 ikulu ya Marekani ilipendekeza bajeti ya kufuta Orion baada ya safari ya tatu, na kufuta kabisa Gateway, kituo kidogo cha kuzunguka mwezi. Kelele zikapigwa, Julai bunge likarudisha feza. Kelele nyingi zilikuwa za wabunge wenye viwanda majimboni kwao, tusidanganyane, lakini ukifuta chombo ambacho remoki yake imeshalipwa na wengine na wameshajenga za mbele, Airbus wana kontra mpaka ya sita, unakuwa unavunja nyumba ya watu wengi.

Ndo vile hata viti vinagawanywa. Watu wanafikiri kiti cha mwezini ni zawadi ya urafiki. Kikosi cha Artemis II kilipotangazwa Aprili 2023 walikuwa Wamarekani watatu, Reid Wiseman, Victor Glover na Christina Koch, na Mkanada mmoja, Jeremy Hansen. Kanada ilisaini Desemba 2020, ikaahidi mkono wa roboti wa Gateway, ikapata kiti. Japani Aprili 2024 ikakubaliana kutoa gari la kutembelea mwezini lenye hewa ndani, unaendesha bila vazi la anga, na wao wapate Wajapani wawili wa kukanyaga. Mkono, gari, remoki. Na kuna makubaliano mengine, Artemis Accords ya 2020, hayo ni ya kusaini tu tabia njema za mwezini, Nigeria na Rwanda walisaini Desemba 2022, Angola 2023. Sahihi ile haikupi kiti wala buloni, inakupa picha ya pamoja.

Mpwa wangu alikaa kimya kidogo, akarudia picha kwenye simu, akaikuza pale kapsuli na remoki zinakutana. "Mjomba, na hii ya Baulaya inarudiaka?"

Hairudi. Dakika chache kabla ya kuingia kwenye hewa ya dunia buloni zinakatwa, waya zinakatwa, remoki inaachwa nyuma na inaungua yote, injini ya okazio na mabawa na kila kitu. Kinachofika baharini ni kapsuli tu. Ndo hiyo itapigwa picha na kuwekwa makumbusho.

"Sasa fundi wa Bremen anaonyeshaka nini batoto bake?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia anaonyesha ile inayofuata, bado iko kiwandani. Akatikisa kichwa, hakuridhika, alafu akauliza ile plagi ya matundu kumi na tano inapatikana wapi. Jumamosi anapanda na mimi Kasumbalesa, anataka kuiona kwa macho.